Shule ya Buxton

Kijiji cha North Buxton, kusini-magharibi mwa Ontario, Kanada, kilianzia kwenye ekari 9,000 za msitu. Novemba 1849 Mchungaji William King, mzaliwa wa Ireland, alifika pale na watu 15 waliokuwa watumwa wake Louisiana, akiwa amewaacha huru. Wazungu wa mji jirani wa Chatham walikuwa wamekwisha kukutana kuwakataa, wakiongozwa na mwanasiasa Edwin Larwill.

Kila familia iliuziwa ekari 50, dola 2.50 kwa ekari, kwa masharti mazito: nyumba ya vyumba vinne, futi 24 kwa 18, baraza mbele, na bustani ya maua kati ya baraza na barabara. Lakini anayetaka kukijua kijiji hiki aanze na shule.

Ilifunguliwa mwaka 1850. Mwaka huohuo sheria ya jimbo iliruhusu watoto Weusi watengewe shule zao, na kwingi Wazungu waliitumia kuwafungia mlango. Buxton mambo yakaenda kinyume. King hakuridhika na kusoma na kuandika tu. Akaweka Kilatini na Kigiriki. Watoto ambao kule Kusini mwa Marekani kufundishwa alfabeti kungekuwa kosa la jinai, huku wakawa wananyambua vitenzi vya Kilatini. Sifa zikaenea. Wakulima Wazungu wa jirani wakawaleta watoto wao wakae dawati moja na wale waliokataliwa, mpaka shule yao wenyewe ikakosa wanafunzi, ikafungwa. Hawakushurutishwa na mtu. Walifuata elimu ilipo. Mimi kila nikisimulia habari hii hufika hapo nikanyamaza kidogo.

Weusi wa Pittsburgh waliipelekea shule hiyo kengele, na mpaka leo iko kanisani katika kijiji jirani cha South Buxton. Anderson Abbott alisoma hapo. Mwaka 1861 akawa Mweusi wa kwanza mzaliwa wa Kanada kupata leseni ya udaktari. James Rapier alitoka Alabama kuja kusoma, na mwaka 1873 akaingia Bunge la Marekani.

Mwaka 1861 ilijengwa shule nyingine, ya chumba kimoja. Sheria ya kutenga ilidumu vitabuni hadi miaka ya 1960. Chumba kile kiliendelea kufundisha hadi 1968. Sasa ni sehemu ya makumbusho, na kila mwanzo wa Septemba, tangu 1924, wajukuu wa Buxton hurudi nyumbani, wengi wakivuka mpaka kutoka Marekani.