Maandishi ya Ubavuni mwa Ndege: Alama, Onyo na Msomaji katika Afrika Mashariki

Mukuyuni, katika nchi ya Ukambani, ni jina lililotokana na mti. Mti huo kwa Kikamba ni mukuyu, na kwa Kiswahili ni mkuyu. Kiambishi -ni cha mahali hupatikana katika lugha zote mbili. Kwa hiyo jina hili ni kama kibao kilichosimikwa njiani: lamwarifu mpita njia mahali alipo, nalo lamwarifu kwa lugha ya wenyeji. Juu ya nchi hiyo ya Makueni hupita ndege zitokazo Nairobi kwenda Mombasa, nazo pia zina maandishi ubavuni. Lakini maandishi hayo yana historia nyingine, na msomaji wake aliyekusudiwa ni mwingine.

Inafaa kuanza na jina la chombo chenyewe. Kiswahili kilipokutana na chombo kirukacho hakikuunda neno jipya, bali kilipanua maana ya neno la zamani: ndege ni kiumbe mwenye mabawa, ni dalili ya heri au shari, na sasa ni chombo cha kusafiria. Kikamba kilifuata njia nyingine. Kiumbe kiliendelea kuitwa nyunyi, na chombo kikaitwa ndeke, neno lililokopwa kutoka Kiswahili. Hivyo wasemaji wa lugha zote mbili walikwisha kukipa chombo jina, kila watu kwa utaratibu wa lugha yao. Alama zilizoandikwa juu yake, kwa upande mwingine, zilitoka nje zikiwa zimekamilika.

Msingi wa alama hizo uliwekwa katika Mkataba wa Paris wa mwaka 1919, uliotaka kila ndege iwe na taifa lake na ionyeshe taifa hilo kwa herufi. Mkutano wa redio uliofanyika Washington mwaka 1927 uligawa upya herufi za mawasiliano, na kuanzia mwaka 1929 alama za ndege zikafuata mgawanyo huo. Makoloni mengi ya Kiingereza yaliangukia katika mafungu ya VP na VR. Kenya ikapewa VP-K, Uganda VP-U, Unguja VP-Z, na Tanganyika VR-T. Mwaka huo huo wa 1929 Florence Kerr Wilson alianzisha Nairobi kampuni ya Wilson Airways. Ndege ndogo ya Beryl Markham, rubani mashuhuri wa Kenya wa wakati ule, ilibeba alama VP-KAN.

Mwanahistoria wa lugha hawezi kuipita miaka hiyo bila kuona jambo moja. Tarehe 1 Januari 1930 ilianza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyozihudumia nchi hizo hizo nne, nayo ikapewa jukumu la kusanifisha tahajia kwa herufi za Kilatini, wakati ambapo pwani watu wengi walikuwa bado wakiandika kwa herufi za Kiarabu. Kazi hizi mbili hazikuwa na uhusiano wa kiofisi, lakini ziliongozwa na fikira moja ya utawala, yaani kila kitu kiandikwe kwa herufi za namna moja ili kiweze kuorodheshwa. Tofauti ni kwamba tahajia ya Kiswahili ilijadiliwa, ikapingwa na kurekebishwa na wenye lugha, hali alama za ndege hazikujadiliwa na yeyote miongoni mwa watu waliozitazama kutoka chini.

Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 ulithibitisha utaratibu huo. Kifungu cha 17 chasema kwamba ndege ina uraia wa nchi ilimoandikishwa, na Kifungu cha 20 chaamuru kwamba kila ndege iendayo nchi za nje ionyeshe alama za taifa na za uandikishaji. Maelezo yake yamo katika Nyongeza ya 7, iliyopitishwa mwaka 1949. Herufi ziwe kubwa, za Kilatini, zisizo na mapambo. Zile za chini ya bawa zisipungue sentimeta 50 kwa kimo, na za ubavuni sentimeta 30. Upana wa herufi uwe theluthi mbili za kimo chake, na unene wa mstari uwe sehemu moja ya sita. Isitumike alama iwezayo kudhaniwa kuwa mwito wa hatari kama SOS. Zaidi ya hayo, kibati cha madini yasiyoungua, chenye alama hizo hizo, kifungwe mahali panapoonekana karibu na mlango mkuu, ili ndege iweze kutambulika hata ikiteketea.

Baada ya uhuru, herufi za ukoloni zilifutwa. Kenya ikawa 5Y, Tanzania 5H na Uganda 5X. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza mwaka 1946, lilikuwa na ndege za aina ya Super VC10 zilizogawanywa katika uraia wa nchi zote tatu: 5Y-ADA, 5H-MMT na 5X-UVA zilikuwa za shirika moja. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, herufi zilibaki zikitenga kile ambacho jina la shirika lilikuwa limekiunganisha. Hapa alama ilikuwa imebadilishwa mwenyewe, lakini haikubadilishwa msomaji: bado ilisemezana na dola, mwongoza ndege na mchunguzi wa ajali. Kwa kazi hiyo haihitaji lugha, kwani 5Y si neno la Kiingereza wala la Kiswahili.

Mambo hubadilika tunapofika kwenye ndege zinazoundwa na watu binafsi. Nchini Marekani, ambako chama cha waundaji hao kilianzishwa na Paul Poberezny mwaka 1953, sheria huitambua ndege ya namna hii ikiwa sehemu yake kubwa imeundwa na watu walioifanya kazi hiyo kwa kujielimisha au kujiburudisha tu. Ndege hiyo haikupimwa kwa kanuni za ndege za kawaida. Kwa sababu hiyo, licha ya alama za uandikishaji, hutakiwa kuandikwa karibu na kila mlango neno la Kiingereza lenye maana ya “ya majaribio”, kwa herufi zisizopungua inchi 2 wala kuzidi inchi 6. Ndani huwekwa onyo kwa abiria kwamba chombo kiliundwa na mtu asiye kiwanda. Neno hilo halimo katika Nyongeza ya 7. Ni agizo la sheria ya nchi, na kila nchi yaweza kujiamulia.

Tazama basi kwamba chombo kimoja kina maandishi ya namna tatu. Alama ya ubavuni husema na dola. Kibati husubiri moto. Neno la mlangoni peke yake ndilo lisemalo na mtu anayekaribia kuitia roho yake ndani. La kwanza na la pili hutimiza kazi hata kama abiria hakuyaelewa. La tatu lisipoeleweka na abiria huwa halikuandikwa.

Afrika Mashariki nayo ina waundaji wa namna hii. Katika miaka ya 2010 magazeti yalieleza habari zao huko Nyeri na Kampala. Kwa hiyo suala la neno gani liandikwe mlangoni si la kinadharia. Tafsiri nyepesi ni “majaribio”, neno lenye herufi tisa, linaloenea vyema katika nafasi hiyo. Lakini lina kasoro. “Ndege ya majaribio” yaweza kufahamika kuwa ndege ambayo wataalamu wanaijaribu, na hivyo ikampa abiria imani badala ya tahadhari. Kinachotakiwa kujulikana si kwamba ndege inajaribiwa, bali kwamba haikuthibitishwa. Sentensi kama “Ndege hii haikuundwa kiwandani wala haikupimwa kwa kanuni za kawaida” ni ndefu zaidi, lakini haimfichi mtu kitu.

Wala jambo hili si geni kwa sheria ya Kenya. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 ilitaka pakiti ya sigara iwe na onyo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Kwenye mitambo ya umeme neno HATARI limezoeleka kiasi kwamba hata mtoto asiyekwenda shule hulitambua. Ikiwa mvutaji wa sigara huonywa kwa lugha aijuayo, hapana hoja ya kumnyima haki hiyo mtu anayepanda chombo kilichoundwa uani mwa jirani yake.

Waliolipa jina Mukuyuni walitumia neno ambalo kila mwenyeji angelielewa, wakalifunga kwenye kitu ambacho kila mpita njia angekiona. Onyo la mlangoni mwa ndege halidai zaidi ya hayo.