Hesabu ya Mnyama na Chapa ya Bwana

Somo: Ufunuo 13:16–18 na 14:1



Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilipoandikisha watu kwa Huduma Namba, hofu iliwaingia Wakristo wengi. Wengine walisema namba hiyo ndiyo 666, chapa ya mnyama, wakakataa kuandikishwa. Yalikuwapo pia maswali ya haki juu ya kulinda habari za raia, na Mahakama Kuu iliyaamua mwaka 2020 na 2021. Lakini hofu ya 666 ni jambo lingine. Sisi wa Kitengela na Kajiado tunaishi kwa namba kila siku: za kitambulisho, za ploti, za simu. Yatupasa kujua Yohana alisema nini.

Waebrania wana herufi 22, nao walizitumia pia kuhesabia. Alefu ni 1, beti 2, gimeli 3, daleti 4. Yodi ni 10, kofu 100, na ya mwisho, tavu, ni 400. Ndugu zetu wa pwani wanaojua hesabu ya abjadi watatambua jambo hili, maana kwao alifu, be, jimu na dali ni 1, 2, 3 na 4 vilevile. Basi kila jina lilikuwa na jumla yake. Daudi huandikwa daleti, vavu, daleti: 4 na 6 na 4, jumla 14. Walimu wengi huona kwamba ndiyo sababu Mathayo alipanga vizazi vya Bwana Yesu kwa makumi na nne matatu, atangaze kwamba huyu ndiye Mwana wa Daudi. Karne nyingi baadaye, Wayahudi wa Kabala walizidi kutafuta siri katika herufi, wakifundisha kwamba kwa hizo Mungu aliumba ulimwengu.

Je, 666 ni nani? Andika Neron Kesar, yaani Kaisari Nero, kwa Kiebrania: 50, 200, 6, 50, kisha 100, 60, 200. Jumla ni 666. Nakala chache za kale zina 616. Nayo ndiyo jumla ya jina hilo likiandikwa Nero, pasipo nuni ya mwisho, ambayo ni 50. Kwa hiyo wataalamu wengi huamini kwamba Yohana alimtaja mtawala aliyewatesa Wakristo wa Rumi mwaka 64. Hakutupa kitendawili cha kuogopea karatasi za serikali. Aliwaonya waamini wasimwabudu mwanadamu badala ya Mungu.

Sasa tazameni Ezekieli 9:4. Waliohuzunika kwa ajili ya maovu ya Yerusalemu walitiwa alama katika vipaji vya nyuso. Neno la Kiebrania la alama hiyo ni tavu, jina la ile herufi ya mwisho, nayo zamani iliandikwa kwa mistari miwili iliyopishana kama msalaba.

Wafugaji wa Kimasai wanalielewa hili kuliko wengi wetu. Ng'ombe akipotea, mtu hutazama chapa ubavuni na mkato wa sikio, akajua ni wa boma gani. Chapa hujibu swali moja tu: wewe ni wa nani?

Yohana aliitaja chapa katika kipaji cha uso na mkono wa kuume, yaani katika mawazo na matendo. Mtu akiuza ploti moja kwa wanunuzi wawili, mkono wake umekwisha kumtaja bwana wake, hata kama hati yake haina 666. Na mjane akirudisha chenji iliyozidi, naye amemtaja wake. Msiogope namba, wapendwa. Chungeni mkono.

Tuombe. Ee Bwana, utuandike jina lako katika nia zetu na katika kazi za mikono yetu, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.