Majaruba ya Mwea

Ukisafiri kutoka Nairobi kwenda Embu, msomaji, utafika Wang'uru, na hapo sura ya nchi hubadilika ghafula. Vichaka vya nchi kavu hukoma, na kando ya barabara utaona majaruba ya mpunga yaliyojaa maji. Yangeyange weupe huwafuata ng'ombe wasawazishao matope, na asubuhi isiyo na mawingu Mlima Kenya huonekana upande wa kaskazini. Huko mlimani ndiko ishukako mito ya Thiba na Nyamindi, iyanyweshayo majaruba haya.

Lakini itazame mifereji, ambayo mpita njia huidhania kuwa vijito tu. Tarehe 20 Oktoba 1952 Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, na maelfu ya watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau wakatiwa vizuizini bila kuhukumiwa. Baadhi yao waliletwa Mwea, wakashikishwa majembe, wakauchimba kwa mikono udongo huu mweusi, ambao wakati wa mvua hunata miguuni na wakati wa kiangazi hukauka ukapasuka nyufa. Thiba na Wamumu, ambayo leo ni majina ya sehemu za skimu ya mpunga, yalikuwa pia majina ya kambi zao.

Wengi wa wakulima wa kwanza walikuwa watu wasio na ardhi. Kila mmoja alipewa ekari 4, tena kwa kibali tu, na aliyevunja amri aliweza kufukuzwa. Sheria ya 1966 ilileta Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji Maji, lakini kamba haikulegezwa. Mkulima aliruhusiwa kubakiza magunia machache ya chakula. Mpunga mwingine wote ulipelekwa kwa bodi, kwa bei iliyopangwa na bodi yenyewe. Malipo alipewa mume, kwa kuwa kibali kilikuwa na jina lake, ingawa mke ndiye aliyeshinda majini, mgongo umeinama, akipandikiza na kupalilia. Akitaka mchele wa watoto ilimbidi kumwomba mumewe. Kwangu mimi, jambo hilo lilikuwa zito kuliko matope.

Mnamo 1998 wakulima walikataa kuipelekea bodi mpunga, wakaanza kuuza wenyewe. Tangu hapo pishori ya Mwea huuzwa na wenye kuilima. Shida iliyobaki kubwa ni maji, maana mito hupungua wakati wa kiangazi. Ndiyo sababu likajengwa Bwawa la Thiba, lililokamilika 2022, ili mpunga upate kupandwa mara mbili kwa mwaka.