Hiyo U ni ya Uhuru

Wasee wa Kericho na Bomet, tuseme ukweli: mvua ya alasiri ndiyo inalisha majani chai yetu, na mawingu yake ndiyo yanatuficha nyota. Ukinunua darubini huku, siku nyingi utatazama mawingu tu. Lakini hiyo si sababu ya kuwaachia wengine anga.

Rudi nyuma kidogo. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka 7 ya uhuru, roketi ya Marekani iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano baharini pale Ngomeni, karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta eksirei zinazotoka kwenye nyota. Hewa ya dunia huzizuia, kwa hivyo lazima uzifuate huko juu. Na kwa sababu ya siku hiyo na ukarimu wa wenyeji, setilaiti ikaitwa Uhuru.

Ilifanya kazi hadi 1973. Orodha yake ya nne, iliyotoka 1978, ina vyanzo 339, na kila kimoja jina lake linaanza na 4U. Si ile 4U ya meseji za kutongozana, bana. 4 ni toleo la nne, U ni Uhuru. Kuna kimoja kinaitwa 4U 1956+35, ambacho wengi wanakijua kama Cygnus X-1. Hicho ni kati ya vitu vya kwanza kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli.

Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel 2002. Mwaka huo huo, wanaastronomia wa nchi mbalimbali waliunda muungano wa kuunganisha hifadhi zao za data mtandaoni. Walitaka hifadhi zote ziongee lugha moja, ndio programu moja iweze kusoma data ya darubini nyingi, na mtu yeyote aingie.

Hebu jaribu. Fungua Simbad, hifadhi inayotunzwa Strasbourg, Ufaransa, kisha uandike 4U 1956+35. Hulipi kitu, na hakuna anayekuuliza digrii.

Hapo ndipo naona uzito wa hii stori. Mwaka wa 1970 sisi tulitoa bahari na jina, kazi ya kusoma data ikafanywa ng'ambo. Ni kama majani chai: tunachuma sisi, faida kubwa inapatikana mbali. Tofauti ni kwamba data imerudi na mlango uko wazi.

Najua bando si bure, na si kila shule iko na kompyuta. Lakini klabu ya sayansi yenye simu moja na intaneti inaweza kuanza Ijumaa hii, hata mvua ikinyesha. Jina letu liko kwenye orodha tangu zamani. Sasa tuingie tuisome.