Tarehe ya Madirisha ya Wanawake Watukufu wa Liverpool

Katika bandari ya Liverpool, nchini Uingereza, limo kanisa kuu la Kianglikana ambalo Mfalme Edward wa Saba aliliwekea jiwe la msingi mwaka 1904, na kikanisa chake cha Bibi Mariamu kikawekwa wakfu mwaka 1910. Penye ngazi za kikanisa hicho pana madirisha ya vioo vya rangi yenye sura za wanawake watukufu, na humo, pamoja na Malkia Victoria, yumo Kitty Wilkinson, mwanamke wa kazi za mikono, fukara bin fukara.

Bibi huyu alizaliwa Ireland mwaka 1786, naye akali mtoto alivushwa bahari na wazee wake, chombo kikapanda fungu la mchanga karibu na kutia nanga, babake na nduguye mchanga wakafa maji. Ilipozuka tauni ya kipindupindu mwaka 1832, hali waganga wengi wakidhani kwamba maradhi yale huletwa na hewa mbovu, yeye alikuwa na sufuria kubwa ya kuchemshia maji, kitu adimu mtaani kwao. Basi akawafungulia majirani mlango, wafue nguo na matandiko ya wagonjwa kwa peni moja kwa juma, wala hakuchelea kuambukizwa. Kwa mfano huo mji ulifungua nyumba ya kuogea na kufulia, mtaa wa Frederick, mwaka 1842, na mwaka 1846 yeye na mumewe wakakabidhiwa usimamizi wake. Alifariki mwaka 1860, akazikwa makaburi ya St James, yaliyo kando ya kanisa kuu hilo, upande wa chini, miaka 44 kabla halijaanza kujengwa.

Katika madirisha hayo yumo pia Agnes Jones, aliyewaongoza wauguzi wa hospitali ya mafukara ya Brownlow Hill tangu mwaka 1865, hata homa ya taifasi ikamwua mwaka 1868, umri wake miaka 35.

Lakini linalonigusa zaidi ni maandishi ya dirisha la Kitty, kwani hayakumtaja peke yake, bali pamoja na maskini wote waliowasaidia maskini. Nayo ni insafu kubwa, maana aghalabu sadaka huhesabiwa kuwa ni kazi ya matajiri. Vita vya Pili vya Dunia vilivunja vioo hivyo mwaka 1940, navyo vikatengenezwa upya baadaye kwa namna nyepesi zaidi, jina na maneno yale yakarudishwa.