Kabla ya 4C: Historia ya Kupima Nywele

Msichana wa Nairobi au Dar es Salaam siku hizi hutaja kuwa nywele zake ni 4C kama anavyotaja namba ya kiatu. Namba hizo zilitoka Marekani. Mwaka 1997 Andre Walker, mtengeneza nywele wa mtangazaji wa televisheni Oprah Winfrey, alichapisha kitabu kilichogawa nywele katika makundi manne: la kwanza za singa, la pili zenye mawimbi, la tatu za kujiviringa, la nne za kipilipili. Kundi la nne liligawanywa kwa herufi A na B; herufi C ilikuja baadaye, ikaongezwa na wanawake wenyewe ambao hawakujiona katika A wala B.

Lakini nywele za Waafrika zilipimwa zamani kabla ya hapo, na waliozipima hawakuwa wasusi. Mwaka 1908 Mjerumani Eugen Fischer alikwenda Rehoboth, katika Namibia ya leo iliyokuwa koloni la Ujerumani, kuwachunguza watu wa damu mchanganyiko. Alikuwa ametengeneza kipimo cha sampuli za nywele za kulinganishia rangi. Kitabu chake kuhusu watu hao kilitoka mwaka 1913, na mwaka 1927 akakabidhiwa taasisi kubwa ya anthropolojia mjini Berlin.

Afrika Kusini haikuhitaji hata sampuli. Sheria ya mwaka 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi ilizungumzia mwonekano na namna mtu anavyokubalika katika jamii. Maofisa wakachukua penseli. Inachomekwa kwenye nywele: ikianguka, wewe Mzungu, ikinasa, si Mzungu. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa. Sandra Laing, mtoto wa wazazi walioandikwa Wazungu, aliondolewa shuleni Piet Retief mwaka 1966 kwa sababu ya ngozi na nywele zake, akaandikwa upya kuwa chotara. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1991.

Kitu ambacho penseli ile ilinasa ni umbo tu. Unywele huota kutoka kwenye kishimo ndani ya ngozi. Kishimo kikinyooka, unywele hutoka umenyooka. Kikipinda, hutoka umejikunja, na ukiukata utaona umebapa badala ya kuwa duara. Mafuta ya ngozi ya kichwa huteleza kwa urahisi kwenye singa, lakini kwenye kipilipili hukwama njiani, ndiyo maana ncha hukauka. Kila kona ni mahali pa kukatikia. Kwa hiyo mtu anayesema nywele zake hazikui, mara nyingi zinakua vizuri, ila zinakatika kwa kasi ileile, au zimejikunja zikaficha urefu wake.

Mwaka 2007 watafiti, wakiwemo wa kampuni ya vipodozi ya L'Oréal, walipendekeza aina 8 kwa kupima mkunjo wenyewe, bila kuuliza asili ya mtu. Naona hiyo ni hatua ya haki zaidi kuliko chati inayoanza na singa na kuweka kipilipili mwisho. Hata hivyo kichwa kimoja huweza kubeba aina mbili au tatu, kisogoni tofauti na utosini. Msusi mzuri huzilowesha nywele kwanza, akaona zinanyonya maji haraka au polepole, akapapasa unene wa unywele mmoja, kisha akaanza kuchana kutoka kwenye ncha.