Sam Ntiro: Mchoraji Aliyetumwa London

Hapa Ifakara hakuna anayeuliza kama hadubini ni kitu cha Wazungu. Maabara iliyoanzishwa katika miaka ya 1950 na Rudolf Geigy, mwanasayansi wa Basel, leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, na Watanzania ndio wanaotafiti malaria ndani yake. Chombo kilitoka Ulaya, maswali yakawa yetu. Lakini ninapowatajia wanafunzi mchoraji wa rangi za mafuta, swali huja mara moja: je, huyo hakuwa akiiga tu? Napenda kulijibu kwa maisha ya Sam Joseph Ntiro.

Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923. Alisoma sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, akabaki kufundisha hapohapo. Katika miaka ya 1950 alikwenda London kusoma Slade, shule iliyojijengea sifa kwa kufundisha uchoraji makini wa mwili wa binadamu. Alirudi na namna yake ileile: watu wengi wadogo wadogo, migomba na vilima vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, bila kuhangaika kuvififisha vilivyo mbali. Aliowachora ni wakulima na wanakijiji katika shughuli zao za pamoja. Mchoro wake wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku, ulinunuliwa mwaka 1960 na Museum of Modern Art ya New York.

Wapo wanaoiona michoro hiyo kuwa ya kitoto. Mimi naona uamuzi. Mchoro wa Kimagharibi uliopimwa vizuri humpa mtazamaji mmoja mahali pa kusimama, na kila kitu hupangwa kwa ajili ya jicho lake. Ntiro aliijua kanuni hiyo, akaiweka kando. Kwake hakuna shujaa anayesimama mbele, kwa kuwa kazi yenyewe ni ya wengi. Mkulima wa mpunga wa Kilombero, aliyezoea kulima leo shamba la huyu na kesho la yule, hahitaji mhakiki wa kumfafanulia jambo hilo.

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, ilimtuma mchoraji huyu kuwa balozi wake London, alikokaa hadi 1964. Baadaye akawa Kamishna wa Utamaduni. Alifariki mwaka 1993. Taifa changa lilikuwa limemwamini msanii kulisemea mbele ya mtawala wake wa jana. Je, kazi za mikono yake tumezitunza kwa heshima ileile?

Linganisheni na Japani. Kuroda Seiki alikwenda Paris mwaka 1884 kusoma sheria, akageukia uchoraji, akarudi kwao mwaka 1893. Mwaka 1896 alianza kufundisha uchoraji wa Kimagharibi katika Shule ya Sanaa ya Tokyo, na mwaka 1920 akaingia katika baraza la juu la bunge. Alikufa mwaka 1924, akiwa ameusia sehemu ya mali yake itumike kuendeleza sanaa. Kwa fedha hizo lilijengwa jumba huko Ueno, Tokyo, lililokamilika mwaka 1928. Hadi leo Mjapani anaweza kuingia humo na kuziona kazi za Kuroda. Mwanafunzi wa Ifakara anayetaka kusimama mbele ya mchoro maarufu wa Ntiro atahitaji viza ya Marekani.

Kwa hiyo tofauti kati ya hadubini na brashi haitokani na asili yake. Hadubini ilipata jengo, bajeti, kumbukumbu na vijana wa kuirithi. Ndiyo maana leo hakuna anayeiita ngeni. Kitu kisichotunzwa hubaki kigeni hata kama kilizaliwa Machame.

Watumishi wa umma mnaosoma hapa, naomba jambo moja lisilohitaji fungu jipya la fedha. Kama kuna mchoro ukutani katika ofisi yenu, andikeni katika daftari la mali za ofisi nani aliuchora, lini, na uliingiaje hapo. Viti vyenu vyote vina namba. Mchoro usio na namba ndio unaoondoka na bosi anayestaafu, na hakuna atakayeuulizia.